Vakyumu haivuji

Risiti ilikuwa na mistari mitatu. Paipu ya mpira, 800. Kazi, 1,000. Kujaza vakyumu, 1,500. Nilipouliza huo wa tatu ni wa nini, fundi alinijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto: "Vakyumu ilikuwa imevuja ikaisha, mkubwa. Gari halitembei bila vakyumu." Nimesikia "vakyumu inavuja" kutoka gereji za Grogan hadi za Industrial Area hapa Nairobi, na siku zote nimenyamaza. Lakini kulipishwa ijazwe, kana kwamba ni gesi ya mtungi, hapo nimeona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Injini ya petroli hupumua kwa kuvuta. Pistoni zikishuka hufyonza hewa kupitia manifoldi, yale mabomba yanayoigawa hewa kwenye injini, na usipokanyaga mafuta, kisahani cha throto, yaani mlango wa hewa hiyo, huwa karibu kimefungwa kabisa. Pistoni zinavuta, mlango umebanwa, basi presha iliyo ndani ya manifoldi inashuka chini ya ile ya nje. Upungufu huo ndio vakyumu. Paipu ikipasuka au gasketi ikikauka hapo kati ya throto na injini, hewa ya nje inapenya. Ndiyo hiyo tu.

Tatizo ni neno. Vakyumu limetoka kwa Kilatini, vacuus, yaani tupu. Kiswahili kina neno lake zuri, ombwe, ila wanasiasa wameliteka na siku hizi hulisikii ila katika "ombwe la uongozi". Kwa vyovyote vile, utupu ni kukosekana kwa kitu. Gunia tupu halimwagiki.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona paa linavuja, na maji yanaingia? Swali la haki. Kitenzi kuvuja hakijali mwelekeo. Mtungi ukivuja maji yanatoka, mtumbwi ukivuja maji yanaingia. Lakini angalia kinachovuja ni nini: mtungi, paa, mtumbwi. Sijamsikia nahodha akilia kwamba ukavu wa jahazi lake umevuja ukaisha. Manifoldi ndiyo inayovuja. Vakyumu ni ule ukavu.

Na mfano wa jahazi si wangu wa kulazimisha. Torricelli, yule Mtaliano wa bomba la zebaki, aliandika katika barua ya mwaka 1644 kwamba tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Injini yako ni chombo kilichozama katika bahari hiyo, nayo bahari inatafuta pa kuingilia.

Sisi wa Nairobi tuko mahali ambapo bahari hiyo ina kina kifupi, na hili mafundi wengi hulisahau. Mombasa, geji ya vakyumu ikifungwa kwenye injini nzima inayonguruma bila kukanyagwa husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kila futi 1,000 unazopanda hupunguza takriban inchi moja. Huku kwetu, kwenye mita 1,700 hivi, unapoteza tano au sita. Gari linalosoma 14 hapa mjini huenda ni zima kabisa, lakini chati iliyoandikwa kwa watu wa pwani itasema ni gonjwa, na hapo ndipo gasketi isiyo na kosa hung'olewa.

Kwa nini nakazana na mwelekeo? Kwa sababu anayeamini kuna kitu kinatoka hutafuta kilichotoka. Fundi wangu alianza kwa kutandika kadibodi chini ya gari, akasubiri tone. Tundu linalovuta haliachi tone. Huacha sauti, "sss" nyembamba inayokatika ukiliziba kwa kidole gumba. Yangu ilikuwa kwenye paipu fupi inayotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda manifoldi. Kwa macho ilikuwa safi. Nilipoikunja, ufa ukafunuka upande wa chini kama mdomo wa samaki.

Tatizo la hewa hiyo ni kwamba haikupiga hodi. Magari mengi yana kihisi kinachopima hewa inayoingia, mithili ya soja wa geti anayeandika wageni kwenye daftari. Kompyuta hupima petroli kwa kufuata daftari, gramu moja kwa takriban 14.7 za hewa. Wakiruka ukuta wengine, chakula hakitoshi: injini inatetemeka, inamisi, taa inawaka, na mashine ya kusoma hitilafu inatoa P0171, msimbo wa petroli kuwa chache kuliko hewa. Usiishie kwenye msimbo; tazama pia namba nyingine za mashine hiyo. Kama petroli ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia ni nyingi gari likinguruma tu, kisha inapungua ukishikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta tundu, maana wageni wa getini wakiwa wengi wale wa ukutani hawahesabiki. Ikizidi kadiri unavyokanyaga, achana na paipu, uangalie pampu na filta ya petroli. Kanyagio la breki likiwa gumu pia, anza na paipu nene ya buusta, kile kifaa kinachotumia vakyumu kulainisha breki.

Wale wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto ili wasikie ikibadilisha mngurumo, wengine hupata jibu na wengine hupata moto. Afadhali kusukuma moshi ndani ya manifoldi, injini ikiwa imezimwa, na kutazama unapochomoza. Naam, hapo kitu kinatoka. Labda ndiko mkanganyiko ulikoanzia.

Mafundi wenyewe wana msemo sahihi, nimeusikia Kirinyaga Road mara nyingi: "gari linavuta hewa." Tungebaki na huo. Nilimwambia hivyo fundi wangu, ambaye kwa kweli ni fundi mzuri na paipu aliifunga vizuri. Akatikisa kichwa, akachukua kalamu, akaukata mstari wa tatu. Chini yake akaandika: "Kuzuia gari kuvuta hewa, 1,500."