Haipaspektra ya infraredi ya joto ni nini?

Kamera ya joto tuliyoizoea, ile iliyopima homa za abiria viwanjani wakati wa korona, hujibu swali moja: hiki kina joto kiasi gani? Upigaji picha wa haipaspektra katika infraredi ya joto huuliza jingine kabisa: hiki kimeumbwa kwa vitu gani?

Kila kitu hutoa mnururisho, hata jiwe lililolala gizani. Katika joto la kawaida la mazingira, mwingi huwa na urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), mbali na 0.4 hadi 0.7 inayoonwa na jicho; huo ndio infraredi ya joto. Kamera ya kawaida huukusanya wote ikatoa namba moja. Ya haipaspektra huugawa katika bendi nyingi nyembamba. HyTES, kifaa cha maabara ya JPL ya NASA kinachobebwa na ndege, kina bendi 256 kati ya mikromita 7.5 na 12, kwa hiyo kila nukta ya picha huja na grafu yake ya mnururisho katika kila bendi.

Habari zote zimo kwenye mabonde ya grafu hiyo. Hakuna kitu halisi kinachotoa mnururisho kikamilifu kwenye kila urefu wa wimbi. Uwiano kati ya mnururisho ambao kitu hutoa na ule ambao kitu kamilifu chenye joto hilo hilo kingetoa huitwa emisiviti. Katika kwatzi, mitetemo ya vifungo vya silikoni na oksijeni huishusha emisiviti sana kati ya mikromita 8 na 9.5 hivi. Mawe ya chokaa yana bonde jembamba karibu na 11.3. Wanajiolojia wanaithamini mbinu hii hasa kwa sababu kwatzi na feldspari, madini yaliyojaa kwenye miamba, karibu hayaachi alama yoyote katika nuru ya jua inayoakisiwa. Tena kazi hii hufanyika hata usiku.

Ugumu wake unaonekana jikoni. Jaza maji ya moto kwenye sufuria ya alumini inayong'aa, kisha itazame kwa kamera ya joto: ubavu utaonekana wa baridi, kwa kuwa alumini hiyo ina emisiviti ndogo na inaakisi tu kuta za chumba. Bandika ubavuni selotepu nyeusi ya mafundi umeme, ngoja kidogo, na penye selotepu patasomeka joto halisi huku pembeni yake pakibaki “baridi”. Joto ni moja, emisiviti ni mbili.

Mchambuzi hukutana na shida hiyo kwenye kila nukta. Ana vipimo 256, lakini asivyovijua ni 257: emisiviti ya kila bendi, na joto lenyewe juu yake. Hesabu haifungi mpaka akubali dhana fulani, kwa mfano kwamba emisiviti ya mwamba hubadilika taratibu kuliko alama kali zinazoachwa na hewa iliyo kati ya kamera na ardhi. Na hewa hiyo nayo lazima iondolewe kwenye data. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ilipo kazi yenyewe, kuliko kwenye kamera.

Wazo hili limefika hadi Mirihi. Chombo cha Mars Global Surveyor, kilichorushwa 1996, kilibeba TES, kipimaspektra cha infraredi ya joto. Nukta zake zilikuwa pana, kama kilomita 3, lakini zilitosha kuonyesha hematiti (madini ya chuma na oksijeni) ya fuwele kubwa katika uwanda wa Meridiani Planum. Kwa kuwa hematiti ya namna hiyo mara nyingi huhitaji maji ili iumbike, NASA ilipeleka huko kigari cha Opportunity. Kilitua Januari 2004, kikakuta vigololi vya hematiti vyenye upana wa milimita chache vimetapakaa ardhini.

Kipimo hiki, hata hivyo, husoma ngozi ya juu tu, unene ulio chini ya milimita moja. Mwamba uliovikwa kuvu au vumbi utasomeka kama kuvu au vumbi, na chembe laini sana hufifisha mabonde ya grafu. Ndiyo maana timu za uchunguzi bado hushuka na nyundo kuchukua sampuli.