Mtindio wa ubongo na dogo aliyenicheka

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mbeya, mtaani wananiita dokta wa mazoezi na nimeshazoea. Oktoba 6 ndo siku ya mtindio wa ubongo duniani, tutavaa kijani tutapiga picha, sawa, ila mimi leo nataka niongelee hilo jina lenyewe maana naona shida kubwa inaanzia hapohapo, mtu akisikia "ubongo" tu keshaamua mtoto hana akili, imeisha hiyo.

Kuna dogo wa miaka 6 aliletwa toka Tukuyu, mwili umekakamaa, haongei, miguu inapishana kama mkasi. Sasa mimi mtu wa Iringa nimezoea kusalimia kamwene, nikajitutumua kumsalimia kwa Kinyakyusa, "ugonile", nikaiharibu vibaya sana, dogo akacheka. Mama yake akasema huyu huwa anacheka tu hovyo dada. Nikasema ngoja. Nikafundishwa, nikaisema vizuri, dogo kimya ananiangalia. Nikaiharibu tena makusudi, kicheko mpaka mate yanamtoka! Yaani anajua Kinyakyusa kuliko mimi, na miaka yote hiyo watu walikuwa wanamsema tu akiwa palepale, hakuna anayeongea naye.

Kwenye mtindio wa ubongo kinachoumia hasa ni sehemu za ubongo zinazoongoza misuli, na zinaumia ubongo ukiwa bado unakua, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo. Kuna waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna njiti waliozaliwa kabla ya wakati, kuna ugonjwa wa manjano makali ulioachwa bila tiba, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Kulogwa hakumo. Hauambukizi, na lile jeraha haliongezeki ila misuli isiponyooshwa inazidi kufupika kadiri mtoto anavyokua. Wapo ambao akili nayo inaguswa, wengine wana kifafa, sitawadanganya, ila hayo huwezi kuyajua kwa kuangalia mkono uliojikunja.

Mtoto akifika miezi 4 shingo haijakaza, au ngumi hafungui, au hajafika mwaka lakini tayari anatumia mkono mmoja tu, au mlegevu kama kitambaa, mlete. Bibi akisema hata baba yake alichelewa, muitikie bibi kwa heshima halafu mlete hivyohivyo.

Nyumbani napo kuna kazi, na vifaa mnavyo. Kumbeba mgongoni kwa kitenge, miguu imekuzunguka kiuno, inasaidia sana hiyo miguu inayopishana, akina mama wetu walishafanya fiziotherapia zamani bila kujua. Beseni kubwa lenye blanketi lililokunjwa pembeni linakuwa kiti. Na baridi yetu hii ya Juni na Julai misuli inagoma kabisa, muogeshe maji ya vuguvugu kwanza ndo umnyooshe, taratibu, usimvute kama unakamua nguo. Halafu kulisha, tafadhali, mkalishe wima! Akilishwa amelala chali chakula kinaingia kwenye mapafu, anaanza vichomi kila mwezi mnasema ni baridi ya Mbeya.

Yule dogo wamerudi juzi. Mama kaniambia sasa wanamuuliza, ukitaka angalia juu, hutaki fumba macho. Maziwa anaangalia juu. Ndizi anaangalia juu. Uji wa ulezi, ambao kalishwa kila asubuhi tangu aanze kula, macho anayafumba mpaka uso unajikunja.