Sindano haihesabu elektroni

Wanafunzi wanaokuja Ngomeni kutazama majukwaa ya San Marco, yale ya Waitaliano ya kurushia roketi baharini, hufika na jibu mfukoni: roketi ikipanda anga ya ncha ya kaskazini na sindano yake, yaani kijiti cha chuma chenye volti chanya kinachovuta elektroni, ikatoa mkondo wa umeme, basi msongamano wa elektroni, idadi yake katika ujazo fulani wa anga, umejulikana. Haujajulikana!

Elektroni ni nyepesi na zina mbio kuliko ayoni, yaani atomu zilizopoteza elektroni. Ndizo zinazowahi kuugonga mwili wa roketi, na mwili mzima hubaki na volti hasi. Anga ikiwa tulivu, ni volti moja hivi au chini. Ndani ya aurora, ile mianga ya anga ya ncha, huzidi ghafla. Sindano uliyoiwekea volti 4 juu ya mwili, kwa plazma iliyo nje, yaani hewa ya elektroni na ayoni, si volti 4 tena. Mkondo unashuka, na mtu anachora shimo la elektroni ambalo halikuwapo. Roketi nayo inazunguka, kila mzunguko inaiingiza sindano kwenye kivuli cha mwili, na grafu inapanda na kushuka kama bahari ya kusi. Sijataja alama ya kidole kwenye chuma cha sindano, ambayo nayo huharibu kipimo. Vaeni glavu, jamani.

Dawa ni sindano nne, kila moja na volti yake. ICI-2, roketi ya utafiti ya Norway iliyorushwa kutoka visiwa vya Svalbard Desemba 2008, ilibeba hizo: unene karibu nusu milimita, urefu sentimita 2.5. Zidisha kila mkondo kwa wenyewe, uchore dhidi ya volti. Mwili ukibadili volti, mstari husogea pembeni tu. Mwinamo wa mstari haubadiliki, na msongamano unatoka kwenye mwinamo huo. Usinenepeshe sindano ili upate mkondo mkubwa: mwili utashindwa kuurudisha, nao utazidi kuwa hasi.

Chini ya kilomita 90 hivi hewa inazidi na hesabu hiyo inaharibika. Hapo rusha mawimbi ya redio kutoka ardhini, roketi iyapokee, upime mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi hayo umezunguka kiasi gani njiani; elektroni ndizo zinazouzungusha. Grafu ya chini ya kilomita 90 isiyo na kipimo hiki siipokei.

“Setilaiti zipo, roketi za nini?” Kwenye kilomita 100 hewa huiangusha setilaiti, na puto huishia karibu 40. Katikati hapo ni roketi tu, kwa dakika chache.

“Msimu wa giza hakuna jua, basi hakuna elektroni.” Zipo. Nyingine huteremka kwa mistari ya usumaku na kuigonga hewa kwenye kilomita 100 hadi 150, na mabonge ya plazma huvuka kutoka upande wenye mchana.

“Basi pimeni hapahapa.” Kweli, roketi ndogo za Nike Apache zilirushwa Ngomeni 1964. Lakini huku mistari ya usumaku imeinama kuelekea kulala, kule imesimama karibu wima, na elektroni za aurora hazifiki Malindi.