Mama mjamzito akianguka: kutotoka damu si uthibitisho kwamba mtoto yuko salama

Mjamzito akiteleza na kuanguka, swali la kwanza huwa ni kama ametokwa na damu. Akisema hapana, watu hushusha pumzi na kumwambia apumzike. Imani hiyo ni ya siku nyingi, nayo inaweza kugharimu maisha.

Ni kweli, mtoto amekingwa vizuri. Hadi wiki ya 12 hivi mji wa mimba umejificha ndani ya nyonga, na baadaye maji ya uzazi hupunguza kishindo. Mara nyingi kuanguka kudogo hakuleti madhara yoyote. Tatizo ni kondo la nyuma. Mji wa mimba ni msuli unaonyumbulika, kondo halinyumbuliki sana. Tumbo likigongwa, kondo linaweza kubanduka ukutani. Damu huweza kujikusanya nyuma yake bila tone kutoka nje, huku mtoto akikosa oksijeni au uchungu ukianza kabla ya wakati. Hili hutokea hata pale ambapo mama mwenyewe hana mchubuko.

Ndiyo maana, mimba ikishafika wiki 20 hivi, aliyegongwa tumboni au kuanguka kwa kishindo aende hospitali hata kama anajisikia mzima. Kwa kawaida hufuatiliwa saa 4 au zaidi: mapigo ya moyo wa mtoto, mikazo ya tumbo. Mwenye damu ya kundi hasi (Rh hasi, kama O- au A-) huhitaji, ndani ya saa 72, sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga ya kushambulia damu ya mtoto. Tumbo likikaza kama ubao, mtoto akipunguza kucheza au maji yakivuja, asingoje kupambazuke.