Je, wajua kwa nini Tampa Bay walipoteza mechi zote 14 za msimu wao wa kwanza?

Mwaka 1976 ligi kuu ya futiboli ya Marekani, NFL, iliongeza timu mbili mpya: Seattle Seahawks na Tampa Bay Buccaneers. Seattle walishinda mechi 2 kati ya 14. Tampa Bay hawakushinda hata moja. Walifunga pointi 125, wakafungwa 412, na katika mechi 5 walitoka uwanjani bila pointi yoyote.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: hii ilikuwa timu ya ridhaa iliyopandishwa daraja kabla ya wakati wake. Ndivyo anavyofikiri mtu aliyekulia kwenye soka. Timu huanzia chini, hupanda, na ikifika juu haijaiva huadhibiwa. Lakini NFL haina kupanda wala kushuka daraja. Nafasi katika ligi hununuliwa, na wamiliki wa timu zile mbili walilipa takriban dola milioni 16 kila mmoja. Nilipolijua hilo nikahamia kosa la pili, kwamba basi mmiliki alilipa ada, kisha akabana mkono kwenye usajili. Nalo halisimami. Kocha alikuwa John McKay, aliyekuwa ameipa timu ya Chuo Kikuu cha Southern California ubingwa wa taifa mara 4. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alikuwa Steve Spurrier, mshindi wa tuzo ya Heisman ya mwaka 1966 kwa mchezaji bora wa vyuo. Ni watu ambao klabu nyingi zingejivunia kuwa nao.

Tatizo ni kwamba fedha zilinunua kiti, hazikununua wachezaji. Soko la wachezaji huru kama tunavyolijua leo lilianza mwaka 1993. Mwaka 1976, timu mpya ilipata vijana wachache kutoka vyuoni, na waliobaki ilibidi iwachukue kwa timu 26 zilizokuwapo, kwa utaratibu maalumu wa uteuzi uliofanyika mwezi Machi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Fikiria mtaa wenye nyumba 26, na maharusi wawili wanaoanza maisha, kila mmoja na nyumba yake. Kila nyumba imeamriwa iwachangie vyombo 3 vya jikoni. Kabla hujabisha hodi, mwenye nyumba ameshaorodhesha vyombo 29 visivyoguswa, na hapo sufuria nzuri zote zimekwisha. Unachagua kimoja katika vilivyobaki. Ukishakishika tu, anafungia vingine 2. Ndipo cha pili kinachukuliwa, kisha cha tatu, na kila mara kabati limezidi kuwa tupu. Ukimaliza mtaa mzima unarudi nyumbani na vyombo 39, na mwenzako 39. Kwa idadi, jiko limejaa. Lakini una miiko mitano na kinu kisicho na mchi, na mifuniko yako haiendani na sufuria zako, kwa sababu kila chombo kilitoka jiko lake.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Kabla ya kila shambulizi kuanza, watu 5 wa safu ya mbele huinama bega kwa bega kumlinda kwotabeki. Mpira ukiachiwa, kila mmoja ana kufumba na kufumbua ya kuamua anamzuia nani na nani anamwachia jirani yake. Wakikosa kuelewana mara moja tu, upenyo unafunguka na kwotabeki yuko chini. Kuelewana huko huja kwa miaka ya kucheza pamoja, na hakuna nyumba iliyokuwa ikikuchangia hiyo.

Hata hivyo sheria pekee haitoshi kueleza yote, maana Seattle walipita mtaa ule ule. Ratiba nayo ina sehemu yake: Tampa Bay walicheza na kila timu ya kundi lao mara moja, timu 13 zenye uzoefu, na mpinzani pekee wa hali yao alikuwa Seattle. Mechi hiyo ilichezwa Tampa tarehe 17 Oktoba, na Seattle wakashinda 13-10. Dakika za mwisho Tampa Bay walipiga teke ambalo lingesawazisha, nalo likazuiwa na Mike Curtis, mkongwe mwenye miaka 33 ambaye Baltimore Colts walikuwa wamemwacha bila kumfungia kabatini. Majeraha pia yaliwaandama. Lee Roy Selmon, kijana wa kwanza kuchaguliwa kutoka vyuoni nchi nzima mwaka huo, aliumia na kucheza mechi 8 tu. Baadaye aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo.

Timu zilizoingia baada ya soko kufunguliwa zilianza maisha tofauti kabisa. Mwaka 1995 Carolina Panthers walishinda mechi 7 kati ya 16 katika msimu wao wa kwanza. Mwaka uliofuata walibakiza mechi moja tu kufika fainali, wao na wenzao wapya wa Jacksonville.

Tampa Bay ilibidi wangoje. Mwaka 1977 walipoteza mechi 12 nyingine mfululizo, jumla 26. Tarehe 11 Desemba wakaenda New Orleans. Walinzi wao, waliokuwa sasa na misimu karibu miwili ya kuzoeana, walinasa pasi 6 za wenyeji, na 3 kati ya hizo wakakimbia nazo moja kwa moja hadi kufunga. Matokeo yakawa 33-14. Timu iliporudi Tampa usiku ule, ilikuta maelfu ya watu wanaisubiri.