Habari ya kweli nayo hugawanya

Kwenye vibaraza vya Ngamiani, Tanga, husemwa kwamba kinachogombanisha watu mitandaoni ni uongo tu. Sivyo. Mwaka 1981 wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliuliza watu kuhusu ugonjwa unaotishia kuua 600: mpango wa uhakika au wa kubahatisha? Walioambiwa wa uhakika "utaokoa 200", asilimia 72 waliuchagua. Wengine waliambiwa kwa mpango huohuo "watakufa 400". Wakaukubali asilimia 22. Hesabu ileile!

Sasa chukua bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, hapa Tanga. "Laleta ajira", "lahamisha wakazi": yote kweli, ila kila kichwa cha habari huita wachangiaji wake, na wengi (tusifichane) habari yenyewe hawaifungui. Wakikutana kwenye maoni, kila upande humwita mwenzake mwongo.