Mwanasesere Hana Ndevu

"Daktari, tyubu naiweza, kwa mwanasesere inaingia kila mara." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, hapa hapa Mombasa, na kijana mwerevu kabisa. Basi leo naandika juu ya mwanasesere wa mazoezi, yule wa plastiki ambaye kwake madaktari hujifunza kupitisha tyubu ya kupumulia kooni.

Mwanasesere atakufundisha kushika laringoskopu, kile chombo cha kuchungulia koo, kuinua bila kuegemea meno ya juu, na kuzitambua nyuzi za sauti. Sitaki mtu ajifunzie hayo kwa mgonjwa wangu. Lakini koo la plastiki halina mate wala damu, halitapiki pilau ya mchana, na oksijeni yake haishuki huku wewe unachungulia. Kapnografia, yaani kipimo cha kabonidioksidi kwenye pumzi, haina mjadala mrefu: isipoonyesha kabonidioksidi, toa tyubu, mjadala umekwisha.

Kinachonikera ni foleni ya laringoskopu, ilhali barakoa na begi la kukamua hewa vimelala pembeni eti ni vya wanaoanza. Mgonjwa anataka oksijeni, ipite popote. Na kwenye barakoa ndipo mwanasesere anapodanganya zaidi: uso laini, mashavu yamejaa, meno kamili. Sasa niletee mzee wa Mji wa Kale, ndevu mpaka kifuani, tena kibogoyo. Hewa inavuja kila upande. Paka jeli kwenye ndevu. Kama ana meno ya bandia yaliyokaa sawasawa, mwachie wakati wa begi. Utayatoa ukifika kwenye tyubu. Shika barakoa kwa mikono miwili, vuta taya juu, mwenzako akamue. Vidole vikae kwenye mfupa: ukibonyeza nyama ya chini ya kidevu unausukuma ulimi uzibe njia. Kosa hilo mwanasesere hukusamehe.

Shaka yangu ni hii. Kifua chake kina springi, usipokamua kwa nguvu hakiinuki, nami nasimama pale nasema "vizuri!" Mgonjwa akikamuliwa hivyo, hewa inakwenda tumboni, na kinachofuata ni matapishi. Huenda kosa hilo tunalifundisha sisi wenyewe, na cheti juu.

Faida kubwa ya mwanasesere naiona kwenye mazoezi ya kushindwa. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley alipewa usingizi kwa upasuaji wa kawaida wa sinasi. Tyubu ikakataa, madaktari wazoefu wakang'ang'ana nayo, na wauguzi walikuwa wameshaleta vifaa vya kutoboa koo. Alifariki siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo mimi humvimbisha mwanasesere ulimi mpaka tyubu isipite kabisa, kisha nangoja nani atasema, "Daktari, acha tyubu, mpe oksijeni." Sista huwa wa kwanza kujua, na mara nyingi ndiye anayenyamaza. Zoezi halikatizwi mpaka aseme, hata chai ikipoa.